Ncha ya Pili ya Kamba

"Bweni au nyumba, Agnesi? Keshokutwa posta wanafunga saa sita mchana, na wale Waingereza hawamngoji mtu."

Bibi Regina, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye pamba alizokuwa akizikunja. Nje, mvua ya masika ililicharaza bati la hospitali, na Ziwa Tanganyika lilikuwa limefifia hadi likafanana na mawingu.

Agnesi alikuwa amepata kazi ya miaka miwili katika hospitali ya mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Tikiti ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kusema atakaa wapi.

"Nieleze tena, mama."

"Nitakueleza hata mara kumi, maana kule nimeishi. Bweni la wauguzi limo ndani ya uzio wa hospitali. Kitanda kimoja, kabati moja, na joto linapita ndani ya mabomba ukutani. Asubuhi unavuka ua, umefika kazini. Lakini mwanamume haingii, hata awe baba yako mzazi."

"Na nyumba?"

"Vyumba viwili vya juu kwa mjane mmoja, mbali kidogo, mwendo wa basi. Madirisha yanapitisha upepo. Jiko la gesi linadai sarafu kila jioni kama mtoto anayelilia kashata. Ila kule unaruhusiwa kukaa na mume."

"Basi nimekwisha chagua. Nyumba."

"Umechagua wewe, au mmechagua ninyi?"

"Sisi, mama. Tunafunga ndoa Jumamosi ya wiki ijayo. Matangazo mawili yamesomwa kanisani, limebaki la tatu. Gervasi atanifuata baada ya miezi michache. Ni fundi wa kuunda mitumbwi. Fundi hakosi mbao za kuranda popote."

"Sikukuuliza habari za kanisa. Mdomo wa Gervasi umetamka neno hilo, nyumba?"

Agnesi alichukua pamba moja, akaanza kuikunja.

"Nenda kamuulize," alisema Bibi Regina. "Ukiandika nyumba, umejifunga miaka miwili. Na chumba cha watu wawili, mwanangu, kikikaliwa na mtu mmoja kina baridi isiyoondolewa na gesi. Mimi nilichagua nyumba."

Agnesi hakuthubutu kumuuliza zaidi. Mji mzima wa Kigoma ulijua kwamba Bibi Regina alikwenda Ulaya peke yake na akarudi peke yake.

*

Alasiri mvua ilipokatika, alimkuta Gervasi kwenye mwalo wa Kibirizi. Wanawake walikuwa wakiwageuza dagaa kwenye mchanga, wakilalamika kwamba jua la siku hiyo lilikuwa la kukopwa. Gervasi alikuwa amechutama chini ya ubavu wa mtumbwi mpya, akipiga kalafati, akishindilia pamba kwa nyundo katika nyufa za mbao.

"Umepotea, fundi. Juma zima sikuoni."

"Kazi, Agne."

"Kazi gani hiyo yenye udongo mwekundu mpaka viwikoni? Mbao za siku hizi zinatoka jasho la tope?"

Gervasi alicheka kidogo, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Nilikuwa Kidahwe kwa mzee. Unajua Operesheni Vijiji imewashusha watu wote kutoka Kalinzi. Mzee ameiacha mibuni yake imebeba, sasa analala kwenye kibanda cha nyasi na kikohozi chake."

"Si ulisema unamjengea?"

"Namjengea. Polepole."

Agnesi aliketi juu ya gogo. Kila Kidahwe ilipotajwa, moyo wake ulikumbuka Alhamisi moja. Siku hiyo wanakijiji wapya walipimiwa viwanja. Desturi iliyowekwa pale ilikuwa moja: mume hushika ncha ya kamba ya katani, mwenzake hushika ncha ya pili, kisha balozi wa nyumba kumi hutangaza mbele ya watu wote, "Huu ni mji wa fulani na fulani." Mchumba aliyetolewa mahari alihesabiwa mke. Mwanamume aliyesimama peke yake hakupewa mji, yaani kiwanja cha familia. Alipelekwa kwenye safu ya makapera, asiweze kumtunza hata mzazi. Gervasi alikuwa amemtuma dereva wa lori amwite Agnesi. Agnesi hakwenda, kwa kuwa Alhamisi hiyohiyo ndiyo aliyoitwa kwenye usaili wa kazi ya Uingereza.

"Bado una kinyongo kwa ile siku ya viwanja?" aliuliza.

"Yamepita. Kiwanja nilikipata."

Hivyo ndivyo alivyojibu hata mara ya kwanza, na Agnesi hakuwahi kuuliza alikipataje.

"Basi nisikie. Kule kuna bweni na kuna nyumba. Keshokutwa napeleka jibu. Unasemaje?"

"Unachokitaka wewe ndicho."

"Sikukuuliza ninachokitaka mimi."

"Chagua nyumba, basi." Maneno hayo aliuambia ubavu wa mtumbwi. Kisha, kana kwamba alijionea aibu, akageuka. "Dirisha linatazama wapi?"

"Mama Regina anasema linatazama mto."

"Una mawimbi?"

"Hauna. Una mashua za kubebea makaa."

"Maskini! Nitawaundia mtumbwi mmoja wa Kibirizi, wajue maana ya kuelea."

Wakacheka wote wawili. Agnesi akainuka, akajifunga upya khanga yake.

"Kesho nitapanda Kidahwe kumuaga mzee."

Nyundo ya Gervasi ikasita hewani. "Usiende."

"Kwa nini?"

"Njia ni tope tupu. Mzee atashuka kwenye harusi."

Lakini Agnesi alikuwa ameliona tope hilo, nalo lilikuwa limekauka mikononi mwa Gervasi.

*

Kesho yake asubuhi alipata nafasi kwenye lori lililokuwa likienda Kasulu. Kijiji kipya cha Kidahwe kilikuwa kimepangwa kwa mistari iliyonyooka kama daftari la mwandiko, na mbele ya kila mlango udongo ulikuwa bado mbichi.

"Nyumba ya Gervasi, mtoto wa Mzee Marselino, ni ipi?" alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo.

"Ya Gervasi na Melania? Ile pale, iliyokandikwa juzi."

Agnesi alimshukuru. Adabu aliyolelewa nayo kwao Ujiji ilimtoka yenyewe kinywani.

Nyumba haikuwa ya polepole. Ilikuwa imesimama, imeezekwa, na ukuta wake mwekundu uling'aa kwa umajimaji. Kando ya mlango alichutama msichana mrefu, ndoo ya udongo ubavuni, mikono imezama mpaka viwikoni.

"Mwakeye, dada," msichana alimwamkia kwa Kiha, akainuka.

"Mimi ni Agnesi."

"Nakujua. Mimi ni Melania, tulikuwa jirani na mzee kule Kalinzi. Karibu. Sina mkono wa kukupa, umejaa udongo."

"Wewe ni nani katika nyumba hii?"

"Hilo muulize mwenyewe. Mimi naweza kukuambia nilichofanya tu. Siku ya kupima, Gervasi alisimama na ncha moja mkononi, ya pili imelala kwenye nyasi. Balozi aliita, 'Mwenzako yuko wapi?' Akaita tena. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akasema, 'Mfungie mbuzi hiyo kamba, fundi!' Mzee alikuwa ameketi palepale juu ya mzigo wake, anatetemeka. Nikaiokota."

"Ukaokota na mwanamume."

"Niliokota kamba, dada. Mengine yalikuja baadaye, na sitakudanganya kwamba hayakuja."

Agnesi alinyoosha mkono, akajishikiza ukutani; kiganja chake kikazama kwenye udongo.

Kikohozi kilisikika ndani, kisha Mzee Marselino akatokea mlangoni, amejitanda shuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee hakumtazama usoni.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa siwezi kusimama, naye ndiye aliyekuwa akinipikia uji. Niliona haya kwa ajili yako, mwanangu. Lakini uji niliunywa."

Kengele ya baiskeli ililia nyuma yao. Gervasi alishuka, fremu ya dirisha imefungwa kwenye keria, jasho linamtiririka.

"Nilikuambia usije."

"Uliniambia nichague nyumba."

"Agnesi, hiyo ilikuwa kamba tu! Nilihitaji mtu wa kushika, mzee asikose mahali pa kulala..."

"Kamba ilikuwa ya siku moja. Hebu tazama ukuta wako."

Gervasi alitazama. Juu ya mlango zilipangwa alama za viganja, kama wafanyavyo watu wanaoifurahia kazi yao. Kimoja kilikuwa chembamba cha kike. Cha pili, kando yake, kilikuwa kipana, kidole cha shahada hakina ncha. Ncha hiyo ya kidole cha Gervasi ilikatwa na tezo, chombo chake cha kuchongea mbao, kule Kibirizi, na Agnesi ndiye aliyelifunga jeraha lile. Ndipo walipojuana.

"Na mimi nina kosa," alisema Agnesi. Sauti yake ilikuwa shwari, kama ya mtu anayemweleza mgonjwa habari nzito. "Niliitwa, sikuja. Tena sikukuuliza aliyeshika ncha ya pili, maana niliogopa jibu lake lingenizuia kusafiri. Lakini mimi nilikosa siku moja, Gervasi. Wewe ulinyamaza siku zote zilizofuata, ukaacha jina langu lisomwe kanisani."

"Nitakuja Uingereza. Naapa. Andika nyumba."

"Nitakuuliza jambo moja, unijibu mbele ya baba yako. Mvua za mwakani zikiumega ukuta huu, nani atamkandikia mzee?"

Melania aliinamia ndoo yake. Mzee Marselino alikohoa, akaukaza mkono kwenye mwimo wa mlango.

"Sema, fundi," alisisitiza Agnesi.

"Siji, Agnesi." Gervasi alizungumza kwa sauti ndogo. "Tangu kamba ile iliposhikwa nilijua kwamba siji. Nilitaka uende una furaha kwanza. Ningekuandikia baadaye."

"Nikiwa nimekwisha kupanga nyumba? Ungeniacha nitandike kitanda cha wawili, niketi dirishani nikiutazama mto usio na mawimbi?"

Agnesi alifungua kifurushi chake. Ndani lilikuwamo blanketi jipya alilolinunua la kumuagia mkwe. Akalifunika mabegani mwa mzee, akayaweka sawa mapindo yake polepole, kama alivyozoea kuwafanyia wagonjwa.

"Kikohozi hiki si cha kunywesha majani," alimwambia Melania. "Jumatatu mpeleke zahanati."

"Nitampeleka, dada."

"Usiniite dada."

Kisha akamgeukia Gervasi. "Keshokutwa ni Jumapili. Nenda kwa padri kabla ya misa, ukalizuie lile tangazo la tatu. Mimi nina safari ya kujiandaa."

Alikuwa amepiga hatua za kuondoka alipoiona alama ya kiganja chake mwenyewe ukutani, chini ya vile viwili. Alirudi. Akachota udongo kidogo katika ndoo ya Melania, akaipaka ile alama na kuilainisha kwa mkono mtupu, mpaka ukuta ukawa kama mtu hakuwahi kujishikiza pale. Hakuna aliyemzuia. Mvua ilikuwa imeanza tena alipofika barabarani kungoja lori.

*

Jumamosi, karani wa posta ya Kigoma, Oswald, alimpokea kwa meno yote.

"Bibi harusi! Shati langu liko kwa dobi kwa ajili yenu. Haya, tuwaandikie Waingereza nini?"

"Bweni."

"Bweni? Bibi Regina alipita hapa, akasema ni nyumba ya wawili."

"Andika bweni, kaka Oswald. Kitanda kimoja."

Karani aliinua kalamu, akamkodolea macho. "Sasa fundi wetu akifika huko atalala wapi? Nje, kwenye theluji?"

Agnesi alitazama kucha zake. Alikuwa amezisugua kwa sabuni na jiwe, lakini wekundu ulikuwa umebaki pembeni.

"Fundi amekwisha pata nyumba," alisema. "Ukuta wake bado haujakauka."