Aliyeomba Mchumba Wake Afeli

"Sista, hiyo fomu umeishika kichwa chini."

Sista akaigeuza haraka. Metroni akamtazama juu ya miwani yake.

"Matokeo yakitoka yatatoka tu, mwanangu. Hayatakimbia kwa sababu wewe umeacha kula."

"Nimekula, Metroni."

"Umekula nini?"

"Chai."

"Chai hailiwi, inanywewa."

Wodi nzima ya wazazi ikacheka, maana wodi nzima ilikuwa inajua. Sista alikuwa na miaka ishirini na minane, sita kati ya hiyo akizalisha watoto wa watu. Mwaka huo aliamua kurudia mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea ili aingie chuo cha udaktari. Baiolojia haikumtia hofu. Fizikia walishasameheana. Kemia ndiyo iliyomnyima raha. Zamani shuleni ilimpa D, na chuo kilikuwa kinataka B, hakuna kubembelezana.

Mchumba wake alikuwa dereva wa gari la wagonjwa hospitali hiyohiyo. Watu walimwita Breki, kwa kuwa katika miaka yote ya kukimbiza wagonjwa hakuwahi kugonga hata ndoo. Breki ndiye aliyekuwa akimsikiliza Sista akikariri kemia kwenye maegesho wakati wa mapumziko, mpaka na yeye akazijua asidi kwa majina. Pete ilikuwa na miezi minane kidoleni. Harusi bado, maana Sista alishakata shauri: "Kwanza B, halafu ndoa."

Simu ikatetemeka mfukoni mwa sare. Ilikuwa namba ya Breki. Akaufungua ujumbe huku akitabasamu.

"Dada, naona aibu hata kukwambia. Wifi yako akifaulu, mimi nimekwisha. Daktari gani ataolewa na dereva? Leo asubuhi nimejikuta naomba kemia imshinde."

Akausoma mara ya pili. Alipotaka kuurudia mara ya tatu, maneno yakayeyuka, yakabaki mengine: Ujumbe huu umefutwa.

Alishachelewa. Mshale ulishatoka upindeni.

Alimkuta Breki nyuma ya stoo, mpira wa maji mkononi, anaosha gurudumu moja ambalo lilishang'aa zamani.

"Umefuta nini?" Sista akauliza.

"Ah, ule... nilikosea namba. Nilikuwa namtumia dada."

"Najua ulikuwa unamtumia nani. Nakuuliza umefuta nini."

Breki akafunga bomba. "Umeusoma?"

"Mara mbili."

"Sista wangu, yalikuwa maneno ya hofu tu."

"Mama yangu ana macho ya kuchoka kwa cherehani, lakini kila alfajiri anaamka kuniombea. Metroni anayenigombeza kila siku ananiombea. Hata mgonjwa wa kitanda cha nne, ambaye hanijui, ananiombea! Wewe, uliyenisikiliza ukurasa kwa ukurasa, ndiye unayeniombea nifeli?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Basi hofu yako imekupeleka hukohuko ulikokuwa unaogopa kwenda."

Akavua pete. Hakuitupa. Aliiweka juu ya boneti lililolowa, akaondoka.

Siku tatu hawakuongea. Breki alituma "Samahani" kumi na saba. Hakujibiwa hata moja. Siku ya nne akaenda saluni kwa dada yake, ambaye alikuwa na kichwa cha mteja mikononi na kitana mdomoni.

"Umekuja kusukwa?" dada akauliza.

"Dada, nisaidie. Mpigie wewe, labda wewe atakusikiliza."

"Nimwambie nini? Kwamba mdogo wangu anataka mke mfupi ili yeye aonekane mrefu?"

Mteja akakohoa kuficha kicheko.

"Mimi nampenda, dada."

"Sijakataa. Lakini kumpenda mtu na kumwombea mabaya havikai chungu kimoja. Nenda kaoshe roho yako kwanza. Gari lako limeshatakata."

Nyumbani kwao, Sista naye hakuwa na amani. Mama yake alikuwa akikunja upindo wa gauni la mteja, miguu ikienda juu ya kanyagio.

"Kidole hicho mbona kitupu?" mama akauliza bila kuinua macho.

Sista akamsimulia yote. Alitegemea mama angekasirika pamoja naye. Mama akakata uzi kwa meno.

"Amekosea. Amekosea sana. Ila nikuulize, mwanangu. Ungepata C, huyu kijana ungemfanyaje?"

"Ningerudia tena mwakani."

"Na ndoa?"

"Ingesubiri."

"Na ukikosa tena?"

Sista akakishika kidole chake kitupu.

"Unaona? Umemtia mwenzio kwenye mtihani ambao hakujiandikisha. Kila siku anaangalia karatasi ambayo hawezi kuandika hata jibu moja. Simtetei. Nakwambia tu kwamba hofu mlikuwa nayo wawili, ila yake ndiyo iliyokosea namba."

"Mama, wewe uko upande gani?"

"Upande wa gauni hili, linatakiwa kesho. Shika huku."

Matokeo yalitangazwa Alhamisi, saa tano asubuhi. Habari ilipofika wodini, kila mwenye simu aliitoa. Tovuti ilikuwa imeelemewa, duara linazunguka tu. Sista akamwandikia Metroni namba yake ya mtihani kwenye kipande cha karatasi.

"Angalia wewe. Mimi siwezi."

"Na hii mikono yangu minene? Nitabonyeza matokeo ya mtoto wa jirani." Hata hivyo Metroni akavaa miwani, akaanza.

Simu ya Sista ikaita. Breki. Akaikata. Ikaita tena. Akaikata. Ikaita mara ya tatu.

"Pokea," Metroni akasema. "Mtu wa samahani hapigi mara tatu mfululizo. Hapo pana jambo."

"Haloo?"

"Sista, usikate! Sikupigii mambo yetu. Nilikuwa narudi peke yangu kutoka kumshusha mgonjwa, nimesimamishwa na mtu na mke wake barabarani. Nimewapakia, lakini lori limelala daraja zima na nyuma magari yamejaa, hatupiti mbele wala nyuma. Mtoto anakuja."

Sista akasimama. "Unaona nini?"

"Naona nywele."

"Breki, nisikilize. Weka simu kwa sauti, iache karibu. Mumewe yuko wapi?"

"Amemshika mkono mkewe, analia kuliko mkewe."

"Mwache amshike. Nawa mikono kwa ile dawa ya ukutani, vaa glovu, toa shuka safi. Mama! Mama mzazi, unanisikia? Mimi ni nesi. Pumua taratibu, sukuma uchungu ukikujia."

Sauti ya mwanamke ikaja, ya maumivu: "Huyu dereva anajua kweli?"

"Hajui. Lakini mimi najua, na yeye anasikia. Breki, kichwa kikitoka, kishike tu kwa kiganja. Usivute. Nasema usivute!"

"Sivuti! Wallahi sivuti!"

Wodi ilikuwa kimya kama darasa la mtihani. Metroni alikuwa ameacha simu yake mezani. Kukasikika kelele, kisha kitu kama maji, kisha Breki, sauti imempanda:

"Ametoka! Sista, mwili wote umetoka! Halii. Mbona halii?"

"Mpanguse uso. Mfute mgongo kwa shuka, kwa nguvu kidogo, kama unamkausha. Endelea. Usisimame."

Sekunde zikapita. Sista alikuwa amefumba macho, mkono mmoja ukisugua hewa.

Halafu kilio. Chembamba, chenye hasira, kilio cha mtu aliyeamshwa bila ridhaa yake.

Wodi ikapiga vigelegele. Mama wa kitanda cha nne akasahau kwamba yeye mwenyewe ana uchungu.

"Mweke kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi," Sista akasema, machozi yakimtiririka. "Wafunike wote wawili. Kitovu usikate, niachie mimi. Kondo la nyuma likitoka, usilivute, liweke hapohapo. Damu ikizidi, niambie papo hapo."

"Sawa, Sista. Sawa, daktari."

Lori likasogezwa baada ya robo saa. Sista alikuwa getini na machela kabla gari halijasimama. Akakata kitovu, akamkagua mama, akamkagua mtoto. Msichana, mzima. Walipoingizwa wodini, wakabaki wawili nyuma ya gari, Breki shati limelowa.

"Umefanya vizuri," Sista akasema.

"Nimefanya ulichosema. Kule darajani niliomba, Sista. Niliomba uwe na majibu yote. Ndipo nikaona upuuzi wangu wote uliopita. Mtu kama wewe akizuiwa, wanaopungukiwa ni watu wa barabarani kama wale. Ukifaulu, nenda ukasome. Ukinitaka nitakuwepo. Usiponitaka nitabeba tu wagonjwa wako, nikuletee salama."

Sista akajifuta uso kwa mkono wa sare.

"Na mimi nilikosea. Nilikupima kwa kemia, wakati kemia ni yangu. Sijaona matokeo bado. Iwe B, iwe D, nitaolewa na wewe. Nasema sasa hivi, kabla sijajua, ili usije ukasema ni furaha ndiyo iliyonisemesha."

"Unasema kweli?"

"Pete iko wapi?"

Breki akaitoa kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa imefungwa kwenye risiti ya mafuta. Alikuwa bado anahangaika kuifungua pale dirisha la wodi lilipofunguka kwa kishindo na miwani ya Metroni ikatokeza.

"Nyie wawili! Baiolojia A! Fizikia C!"

"Na kemia?" Breki akapaza sauti kabla ya Sista.

"Subiri niisogeze hii simu... Kemia... B! B, mwanangu! B nene kama mimi!"

Breki ndiye aliyeruka wa kwanza. Alimbeba Sista, akazunguka naye mara mbili, akamkanyaga mlinzi wa geti, akamwomba radhi, akaruka tena.

Walifunga ndoa wiki tano baadaye, siku kumi kabla chuo hakijafunguliwa. Mama alishona gauni. Dada wa saluni alisuka kichwa cha bibi harusi na kumchekesha mpaka wanja ukachuruzika. Wazazi wa yule mtoto wa darajani nao walikuja, binti yao kalala fofofo begani kwa baba yake.

Msajili wa ndoa akafungua kitabu.

"Kazi ya bibi harusi?"

"Mwanafunzi," Sista akajibu, akaona haya kama msichana wa miaka kumi na sita. "Mwanafunzi wa udaktari."

"Hongera. Kazi ya bwana harusi?"

Breki akanyoosha mgongo, akajibu kwa sauti iliyofika hadi mlangoni:

"Dereva!"