Chupa ya Mchaichai na Mlango wa Mama

Kila nikitoka shule nilipitia kwanza kwenye mtambo wa baba. Baba yangu hutengeneza mafuta ya mchaichai. Majani hujazwa kwenye pipa kubwa, moto huwashwa chini, mvuke hupanda, hupoa ndani ya bomba linalopita kwenye maji baridi, kisha hudondoka chupani tone kwa tone. Mafuta huelea juu, maji hubaki chini. Kazi yangu ilikuwa kubandika vibandiko kwenye chupa, na kuongea. Kwa kuongea sina mpinzani, ndiyo maana nyumbani waliniita Kiherehere.

Lakini wiki ile hata maneno yalinikauka. Mama alikuwa amelazwa hospitali majuma matatu, akajifungua mdogo wangu wa kiume kabla ya siku zake. Siku waliporudi nyumbani, mimi nikaamka na mafua. Na mafua yenyewe si ya mchezo! Pua imeziba, kifua kinakwaruza. Muuguzi aliyewasindikiza alinitazama mara moja tu.

“Huyu asiingie chumbani,” alisema. “Mafua yake kwa mtoto mchanga kama huyu ni maradhi makubwa. Asubiri mpaka apone kabisa.”

Basi mama akawa upande ule wa mlango, nami upande huu. Nilimsikia akimbembeleza mtoto, nilisikia kandambili zake zikiburuzika sakafuni, na roho iliniuma kweli.

“Mama, nimekukumbuka,” nilisema nikiwa nimeegemea mlango.

“Hata mimi, mwanangu. Vumilia.”

Vumilia, vumilia! Nilikuwa nimevumilia majuma matatu, na sasa naambiwa niongeze.

Siku ya tatu nikakumbuka habari za mtafiti. Huyo alikuwa mama mmoja wa maabara aliyechukua chupa za mafuta yetu ili ayajaribu kwenye virusi. Aliporudi na majibu, alisema mafuta yameua virusi vya mafua kwenye kisahani cha kioo. Baba hakumngoja amalize. Alitoka mbio kuwatangazia majirani: “Jamani, mafuta yangu ni dawa!”

Kumbe dawa ninayo, nikajisemea, halafu nateseka bure! Nilichukua chupa moja stoo bila kumwomba mtu. Nikajipaka kifuani, shingoni na chini ya pua, mafuta matupu yasiyochanganywa na chochote. Yalichoma kama pilipili. Nikafurahi, nikidhani ni virusi vinaungua.

Jioni, baba akiwa bado mtamboni, nilibisha hodi kwa mama.

“Nani?”

“Mimi, mama. Nimepona.”

“Umepona? Haraka hivyo?”

“Kabisa! Sina hata chembe ya mafua.” Maneno yenyewe yalitokea puani.

Hata hivyo komeo lilifunguka. Mlango uliachia upenyo, nikamwona mama. Alikuwa amekonda, machozi yakimlengalenga. Begani pake kililala kichwa cha mdogo wangu, kidogo mno. Mama akaninyooshea mkono.

Ilibaki hatua moja tu. Niliutaka mkono ule kuliko kitu chochote duniani. Hapo hapo kifua kikaanza kunitekenya, nikajua kikohozi kinakuja. Nilimtazama mtoto. Nikaruka nyuma, nikageuza uso na kuziba mdomo kwa kiwiko.

“Mama, funga!” nilisema nikikohoa. “Nimekudanganya. Sijapona, nimejipaka mafuta tu!”

Mlango ulifungwa. Nilikaa sakafuni nikalia kwa kwikwi mpaka baba akanikuta.

Aliniosha kwa maji mengi na sabuni. Shingo yote ilikuwa imetoka vipele vyekundu. Kuhusu chupa aliyokuta tupu alinigombeza, na haki yake. Kisha akashusha pumzi. “Lakini nami mdomo wangu umechangia.”

Kesho yake mtafiti alikuja kuchukua chupa nyingine. Alipoiona shingo yangu na kusikia kisa chote, alimgeukia baba.

“Siku ile uliondoka sijamaliza, mzee. Yakiwa makali, mafuta yaliua virusi, lakini yaliua pia seli hai tulizoziweka kwenye kisahani. Tulipoyapunguza makali, virusi vingine vilisalia. Halafu kisahani hakina ngozi wala mapafu. Na mafuta makali hivi karibu na mtoto mchanga yanaweza kumfanya ashindwe kupumua vizuri.”

“Kwa hiyo si dawa?” niliuliza.

“Sijui bado. Ndiyo maana kila siku naenda kazini.”

Baba alijikuna kichwa. “Basi mimi nilikimbia na nusu ya habari.”

“Tena nusu tamu,” alijibu mtafiti, na sote tukacheka.

Zikapita siku tisa. Nilihesabu kila moja. Siku ya kumi muuguzi alinipima, akanisikiliza kifua, akaniambia ninawe mikono na niingie. Mama alinikumbatia mpaka mbavu zikauma, na mimi sikulalamika.

“Mama, ulinikasirikia siku ile?”

Alitikisa kichwa. “Sauti yako ilikuwa ya mtu mwenye mafua. Niliisikia, na nilijua hujapona. Lakini nilikuwa na hamu na wewe, mwanangu, nikataka iwe kweli, nikafungua. Mtu akitamani kitu sana, wa kwanza kumdanganya ni yeye mwenyewe. Hapo ndipo ukweli unapohitajika zaidi. Mimi mkubwa nilishindwa, wewe ukausema. Umemlinda mdogo wako.”

Akaniwekea mtoto mikononi. Nilimpakata mpaka mkono ukafa ganzi, na bado sikutaka kumrudisha.