Jibu la Saa Moja Asubuhi

Jumapili ile ua wa parokia ulifurika watu. Misa ilikuwa imekwisha, kwaya bado inaimba kwa mbali, na foleni ya waumini waliokunja mikono ya mashati ilizunguka hadi kwenye kisima, wote wakingoja kutoa damu. Hénoc hakuwa mmoja wao. Alikuja na kompyuta yake mgongoni kuangalia kama ukurasa wa mtandao aliowaandikia watu wa benki ya damu, wa kuonyesha hospitali ipi ina damu gani, unafanya kazi. Alipogeuka kutafuta mahali pa kuchomeka waya, macho yakaangukia mfuko mmoja uliojaa damu, mwekundu na bado una joto. Akazimia palepale.

Alipozinduka alikuwa amelazwa kwenye benchi. Nesi mmoja alikuwa amemwinamia, koti jeupe juu ya gauni la kitenge cha kijani, nywele zimesukwa na kurudishwa nyuma.

"Ee papa! Sindano haiyakugusa hata, na weye unaanguka?"

"Mi sikukuya kutoa damu," Hénoc alisema kwa aibu. "Mi njo nilifanya ile site ya damu."

Nesi alicheka mpaka wenzake wakageuka. "Bantu, mukuye muone! Muntu wa damu anaogopa damu!"

Jina lake lilikuwa Constance, wa wodi ya uzazi, mjukuu wa mfanyakazi wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga. Kabla jua halijageuka, Hénoc alikuwa na namba yake, na kisingizio cha kuipiga: eti anataka kujua kama ukurasa unawasaidia manesi.

"Unasaidia," Constance alijibu siku ya kwanza. Siku ya tatu alisema, "Unasaidia, lakini mwenye kuufanya ananisaidia zaidi." Mwezi wa pili simu zilikuwa zinaanza na "Allô, chouchou, umekula?" na kumalizika bila yeyote kutaka kukata kwanza. Mama yake Hénoc, Mluba wa Kasai, alikuwa amemtafutia mchumba wa kwao. Alipoonja sombe, majani ya muhogo, ya Constance hakuzungumza tena habari za mchumba.

Siku moja Constance alimlalamikia. "Chéri, ile page yako iko nachelewa sana. Mugonjwa iko nalia, mi niko naangalia kamviringo kanazunguka tu."

Hénoc alijua kwa nini. Ukurasa ule ulikuwa na vipande vinne: orodha ya mifuko, jumla yake, ramani ya hospitali, na onyo la damu inayokaribia kwisha. Kila kipande kilisikiliza habari ili kijichore upya zikibadilika, na kila kimoja kilituma ombi lake peke yake kwa seva. Swali moja liliulizwa mara nne, kwenye mtandao dhaifu wa hospitali.

"Nitakutengenezea, mpenzi. Leo leo."

Ilikuwa kazi ya alasiri moja. Aliupanga ukurasa uulize mara moja tu, jibu liwekwe kwenye kashe, akiba ya kumbukumbu ndani ya kompyuta yenyewe, na vipande vyote vinne vigawane jibu hilo. Kesho yake ukurasa ulifunguka kufumba na kufumbua. Constance alimbusu mbele ya mlinzi wa geti.

Jambo moja Hénoc alilisahau: kuliwekea lile jibu muda wa kufa. Aliyefungua ukurasa upya alipata habari mpya. Lakini kompyuta ya wodi ya uzazi ilifunguliwa asubuhi zamu ikibadilishana, ikaachwa hivyo kutwa.

Alhamisi moja ya masika, saa tisa alasiri, mwanamke aitwaye Kiki, mkulima wa Annexe, pembezoni mwa mji, alijifungua mtoto wa kike na damu ikakataa kusimama. Alihitaji damu ya kundi la O négatif, na friji ya hospitali ilikuwa tupu. Constance aliangalia ukurasa. Mifuko miwili, hospitali ya upande wa pili wa mji. Alipiga simu huko mara mbili, haikupokelewa. Akaangalia tena. Mifuko miwili.

"Papa Clovis," alimwambia mume wa Kiki, akimpa karatasi na sanduku la barafu, "kimbia. Damu iko kule."

Clovis alikwenda kwa pikipiki kwenye mvua. Huko aliambiwa mifuko yote miwili ilikwisha kutoka tangu asubuhi. Aliporudi na sanduku tupu, Kiki alikuwa amefunikwa shuka. Clovis alimtukana Constance mbele ya wodi nzima, akamwita muuaji.

Hénoc alipopata habari, alifungua kumbukumbu za seva kabla ya magharibi. Kompyuta ya wodi ilikuwa imeuliza habari za damu mara moja tu, saa moja asubuhi. Kumbe saa tisa seva ilikuwa na jibu jingine: mifuko mitatu ya O négatif, kwenye zahanati iliyo mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Hakuna aliyeiuliza. Alisahihisha mistari miwili ya programu, akafunga kompyuta, na hakumwambia mtu.

Jumatatu mkurugenzi wa hospitali, Daktari Aristote, aliwaita wote wawili.

"Monsieur Hénoc, machine ilikuwa na shida?"

Constance alikuwa ameketi mkabala naye, mikono juu ya magoti, akimtazama. Hénoc alifikiria hospitali nyingine tano zilizokuwa zikitumia ukurasa wake, na jina lake mjini.

"Sistème inatembea muzuri, docteur. Pengine page haikufunguliwa upya."

Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Constance aliinamisha kichwa. Alisimamishwa kazi siku hiyo.

Siku kumi na moja Hénoc alimpigia simu kumtuliza, na kila mara Constance aliuliza lile lile: "Nilikosea wapi, chéri? Niliangalia mara mbili." Siku ya kumi na mbili hakupiga. Alikwenda kwao, akamkuta barazani anachambua maharagwe, akamweleza yote. Constance alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Ile kosa, uliyua siku gani?"

"Siku ile ile."

Mkono wake ulisimama ndani ya ungo.

"Kukosea, bantu bote banakosea, Hénoc. Lakini mu ile réunion nilikuwa nakuangalia. Nilisema mu roho: Hénoc iko hapa, sitaogopa."

"Nisamehe. Nitaandika barua ku docteur. Nataka kukuoa, Constance, nataka..."

"Andika barua. Kisha enda kwa Clovis. Anawaza mi njo niliua bibi yake."

Barua aliiandika siku hiyo hiyo, na Daktari Aristote alimrudisha Constance kazini. Kupata ujasiri wa kwenda Annexe kulimchukua wiki nzima zaidi. Alimkuta Clovis shambani anapalilia mahindi, mama yake mzee kivulini na mtoto mgongoni. Hénoc alisema kosa lake akiwa amesimama kwenye tope, bila kujitetea.

Clovis aliegemea jembe. "Ile saa nilikuwa nakimbia," aliuliza polepole, "damu ilikuwa fasi ingine?"

Hénoc angeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angejua.

"Ilikuwa. Karibu na hospitali. Ungeenda na miguu."

Clovis alikaa chini palepale katikati ya mahindi, akafunika uso kwa viganja. Alikaa hivyo mpaka mtoto akaanza kulia.

"Yule mama nesi," alisema mwishoni, "nilimutukana mbele ya bantu. Umwambie anisamehe. Weye, enda. Sina neno la kukwambia."

Constance alikuwa ameomba uhamisho wa kwenda Pweto, mbali kaskazini. Hénoc alimkuta asubuhi kwenye maegesho ya magari yanayokwenda Pweto kupitia Kasomeno, amevaa gauni la bluu, begi miguuni, kelele za wapakizi zimemzunguka. Alimpa ujumbe wa Clovis neno kwa neno. Tangu Kiki afe hakuwahi kumwona akilia. Sasa Constance alilia wazi, kama mtoto, na wauza mikate wakageuza nyuso.

"Na mimi?" Hénoc aliuliza alipotulia.

"Weye nilikwisha kukusamehe. Nilikusamehe pale pale barazani."

"Basi usiende."

"Kusamehe ni kitu kimoja. Kuishi na weye, nikuulize kitu mu nyumba, na kila mara niwaze kama jibu ni kweli..." Alitikisa kichwa. "Nakupenda bado, Hénoc. Lakini ile sitaweza."

Dereva alipiga honi. Constance alimshika mkono, akaubana kwa nguvu kama ashikavyo mikono ya wanawake wanaojifungua wodini, kisha akauachia taratibu, akapanda. Gari likaondoka likirusha tope jekundu. Hénoc hakupunga mkono. Alibaki amesimama pale hadi wapakizi walipoanza kujaza gari la pili, na mmoja akamwomba asogee, anazuia njia.