Majivu Kwenye Bonsai

Haya yalimpata shoga yangu, fundi cherehani. Aliyasimulia mara moja tu.

Marehemu mumewe alikuwa na mkuyu wa bonsai, mti mzima uliodumazwa ukaenea kwenye chungu kidogo. Kila alipokata kitawi, alipaka jeraha majivu kwa dole gumba lake lenye kovu la msumeno, ili utomvu ukome.

"Mti nao hulia, mke wangu."

"Makubwa! Mimi nikilia hunipaki hata mafuta."

Miezi mitatu baada ya mazishi, mti ulikuwa umesongwa na matawi. Shoga yangu akajikaza, akaingia chumbani mti ulimokuwa, na mkasi wake wa kushonea. Madirisha hayakuwa yamefunguliwa tangu msiba, kwa hiyo akakata gizani kwa kupapasa. Kacha. Kacha. Machozi yakamzidi nguvu, akainamia meza akalia.

Katikati ya kwikwi akasikia kitu kikisugua gome la mti, polepole. Kikatulia. Kikasugua tena.

Akakurupuka kufungua dirisha. Majivu alikuwa ameyasahau jikoni, lakini kila jeraha lilikuwa limepakwa, na kwenye kila doa palikuwa na alama ya dole gumba, lenye kovu.