Pumzi Kati ya Maneno

Kichujasauti kilikuwa kidogo kama kibiriti, kimebandikwa nyuma ya simu. Kazi yake ilikuwa moja tu: kusikiliza pumzi kati ya maneno. Sauti iliyotungwa na mashine haina mapafu, nayo ikisikika taa huwaka nyekundu. Akiongea mtu hai, huwaka kijani.

Mhandisi Sikudhani alikitengeneza akiwa uhamishoni Lusaka, baada ya mwenzake Barnaba kupigiwa simu na "mkewe", akatoka kwenda kumpokea, asionekane tena. Serikali waliyoikimbia haikuwa na haja ya kutuma majasusi siku hizi. Ilituma sauti za wapendwa.

Kwa hiyo simu ilipoita asubuhi ile, na sauti ya mama yake ikasema, "Siku, ni mimi," hakujibu haraka. Aliitazama taa. Kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wameniruhusu kusafiri. Njoo mpakani Jumamosi tuonane, afya yangu si nzuri."

Tangu lini mama akapewa ruhusa? Au kifaa kimeharibika? Au wamebuni mashine yenye kuhema?

"Mama, hili kovu la mkononi nililipataje?"

"Si uliangukia kigae shuleni?"

Sikudhani akakaa chini. Kovu lile lilitokana na mafuta ya vitumbua. Mama mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni, akikimbia pekupeku hadi zahanati, na kila alipolisimulia alilia. Asingeweza kusahau. Na taa bado ni kijani. Basi ni yeye, anakosea makusudi, na kuna watu wamemsimamia.

Wakigundua kwamba amemwonya, watamuumiza.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema kwa ukali. "Lakini hilo mmelitoa kwenye kumbukumbu za shule. Mashine yenu hainipati. Wewe si mama yangu."

Upande wa pili mtu alinong'ona. Kisha mama akasema taratibu, "Kama humjui mama yako, basi usije."

Simu ikakatika.

Sikudhani alitamani kumpigia amwombe radhi. Hakupiga, wangejua kwamba alimtambua. Wenzake wa uhamishoni walipomuuliza, aliwajibu kwamba ile ilikuwa mashine, maana hakujua ni nani kati yao anayeipelekea serikali ya nyumbani maneno.