Mkono Uliozuia Maji

Jioni ile mbu hawakuingia nyumbani kwa Verediana.

Alikuwa amerudi kutoka Kibirizi kuuza dagaa, ameketi mlangoni akisubiri kuumwa kama kawaida, maana tangu masika yaache dimbwi upande wa juu wa nyumba yao, jua likizama mtaa wote wa Bondeni hukaa ukijipiga makofi. Majirani walikuwa wanajipiga. Aliwasikia, pa, pa, baraza hadi baraza. Kwake kimya. Mbu walifika kizingitini, wakageuka, kama wageni waliokuta nyumba ina msiba.

"Baba Happiness," alimwita mumewe, "hawa mbu leo wametususa?"

"Labda wamegundua damu yetu imeisha," Gasper akajibu kutoka chumbani. Akacheka. Kisha akakohoa, na kikohozi kile kilikuwa na maji ndani yake.

Asubuhi ya siku hiyo mtaa ulikuwa umefanya jambo. Watu walichoka. Walikwenda ofisini kuomba mtaro uchimbwe, wakaambiwa bajeti haipo. Wakarudi wakaambiwa mtambo umeharibika. Mtendaji, kijana aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, alikuja mara moja tu, akasimama ukingoni na leso puani, akapigwa picha akigawa vyandarua, akaondoka kabla mbu hawajaamka. Halafu Elia, mjukuu wa Mama Veneranda wa nyumba ya chini, akafa kwa malaria kabla hajajua kutamka jina lake vizuri. Hapo watu wakasema, basi, kama serikali haisikii ya watu, tuone kama itasikia ya majini.

Wakamleta mganga, Mzee Mwinshehe, kutoka Ujiji. Akafukiza ubani kando ya dimbwi, akaagiza kila nyumba ilete konzi ya tope.

"Mtaje Mtendaji, Mzee!" watu walipiga kelele. "Jini amkalie palepale ofisini, kwenye kiti chake cha kuzunguka!"

"Jini wa maji hatumwi kwa jina," mzee akasema. "Hutumwa kwa tendo. Mkono uliozuia maji haya, aufuate. Mnakubali?"

"Tunakubali!"

Gasper, ambaye ndiye aliyebeba jeneza la Elia, alipaza sauti kuliko wote.

Baada ya jioni ile ya kikohozi, harufu ikaingia nyumbani. Ilikuwa harufu ya tope la chini kabisa, lile lisiloonwa na jua, nayo ilitoka chini ya kitanda. Verediana alideki kwa sabuni, akadeki tena, akainama na kukuta sakafu imelowa upande wa Gasper peke yake. Viganja vya mumewe vilikuwa vimenywea na kuwa vyeupe, kama vya mtu aliyeshinda ziwani. Alipomshika mkono wa kulia, maji yalichuruzika kutoka kwenye kucha.

"Usimwambie mtu," Gasper alinong'ona.

"Kwa nini nisiseme? Unaumwa."

"Watajua."

Hakuuliza watajua nini. Alikuwa anajua. Mwanzoni mwa masika, maji yalipoingia chumbani na kubeba godoro la mtoto, Gasper alijaza mchanga kwenye viroba na kuuziba mtaro pale unapoingia kiwanja chao. Yeye Verediana ndiye aliyeshika midomo ya viroba ikae wazi. Ni kwa muda tu, walisema, mpaka wakubwa waje kuuchimba. Wakubwa hawakuja. Maji nayo, yakikosa njia ya kwenda ziwani, yakakaa huko juu, yakaoza, yakazaa.

Jioni moja, adhana ya magharibi ikiwa bado hewani, Verediana alisikia mbubujiko chumbani, akadhani mtoto amemwaga ndoo, akaingia na kandili na kumwona Gasper amekaa wima kitandani, macho wazi, kinywa wazi, na kutoka kooni mwake ikitoka sauti ya mtaro uliozibwa, ile sauti ya maji yanayosukuma na kurudi, yanayosukuma na kurudi, huku tope jeusi likimshuka kidevuni taratibu, na nyuma yake, ukutani, kivuli cha kitu kirefu kilichoinama kama mtu anayenawa kikiuosha mkono ule wa kulia, kidole kwa kidole, kwa upole wa mama.

Alimbeba Happiness, akakimbia hadi Ujiji.

"Kwa nini yeye?" alimlilia Mzee Mwinshehe. "Aliyetuacha ni Mtendaji! Kwa nini jini asimfuate Mtendaji?"

Mzee alitazama chini. "Mlisema mkono, mwanangu. Yule hakutia mkono wake popote. Jini hamwoni."

"Basi mume wangu atakufa?"

"Mkono uliozuia ufungue, mbele ya watu. Wako ulishika viroba, nao unatosha. Lakini asifungue mwingine. Mkono wa mwingine hauwezi."

Kesho yake mchana, jua la utosi, Verediana alishuka mtaroni na panga. Majirani wakasogea.

"Yewe! Mama Happiness, unafanya nini?"

"Nafungua tulichoziba," alisema. "Ni sisi."

Mtu mmoja akatema mate. Mwingine akasema, "Na mumewe alivyoitikia kwa sauti ile, mnafiki!" Verediana alipasua kiroba cha kwanza, cha pili, mpaka mchanga ukashindwa na maji yakamrukia kifuani, yakavunja mlango wake wa nyuma, yakabeba sufuria, viatu, ndoo za dagaa. Ndani, Gasper alitapika tope, akavuta pumzi ndefu ya mtoto mchanga, akasema ana njaa.

Verediana alicheka huku analia. Kisha akaona maji hayaendi. Yalijaa uani kwake, yakasimama, yakapanda ukuta. Alifuata mtaro kwenda chini mpaka mpakani kwa Mama Veneranda. Chini ya majani kulikuwa na mawe yaliyouziba mtaro, yamepangwa vizuri, yamesakafiwa kwa saruji.

Mama Veneranda alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameifunika kwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, maji yamekwama kwako."

"Kwangu hakuna kitu."

"Mimi nimefungua, wameniona, wamenitukana, imekwisha. Baba Happiness anakula. Njoo, mama, nitakushika."

"Nimezika mtoto kwa maji haya!" bibi akafoka. "Unataka niseme nini? Niseme nini, Verediana?"

Kutoka kwenye pindo la kanga yake yalikuwa yanadondoka maji, tone baada ya tone. Alipoona Verediana ameyaona, akarudi ndani, akafunga mlango na komeo.

Verediana alipiga magoti, akashika jiwe la juu. Halikutikisika. Akatia panga, panga likakatika. Nyuma ya mlango ikaanza sauti laini, yenye adabu, isiyokuwa ya mtu yeyote wa nyumba ile.

"Nani kazuia?" iliuliza.

"Serikali," Mama Veneranda akajibu.

"Nani kazuia?"

"Serikali," akajibu tena, na safari hii neno lilipita kwenye maji yaliyomjaa kooni.