Maji Mdomoni

Kila asubuhi nyumba ile iliamka kwa ugomvi.

"Nilikukataza usikanyage hapa!" sauti nzito ilinguruma sebuleni.

"Nimefuata kilicho changu," sauti nyembamba ilijibu, ikitetemeka.

Kisha kikombe kiligongwa mezani, na sauti ya tatu, ya kawaida kabisa, ikasema, "Aa, hapa pamepwaya. Tuanze tena."

Majirani walikwishazoea. Ni muuza maziwa mpya tu ambaye, siku yake ya kwanza, alisikia mtu akiahidiwa kunyongwa kabla ya chakula cha mchana, akaacha maziwa mlangoni pamoja na ndala yake ya kushoto, akatimua mbio. Ilibidi Kinanda amkimbilie hadi kona ya barabara kumweleza kwamba hakuna maiti. Ni Shangazi tu, yuko kazini.

Shangazi alikuwa mwandishi wa filamu. Kabla kamera haijawashwa, yeye ndiye aliyeandika kila neno ambalo waigizaji wangelisema na kila jambo ambalo wangelitenda. Maneno hayo aliyatamka kwanza mwenyewe, huku akizunguka meza na kanga begani, kwa sababu, alisema, neno linaloteleza vizuri kalamuni linaweza kumkwama mwigizaji kooni.

Kinanda alikuwa binti wa kaka yake, mwanafunzi wa darasa la sita aliyekaa naye ili awe karibu na shule. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa akiguswa kidogo tu, analia: maneno, vicheko, visa, vyote kwa mkupuo. Aidha, alikuwa bingwa wa utundu. Historia ya shule inakumbuka kwa heshima zote ile siku alipoisogeza mbele mishale ya saa ya ukutani, mwalimu wa hesabu akaaga darasa na kwenda zake kabla somo halijafika nusu.

Wiki hiyo, hata hivyo, bingwa alikuwa na shughuli nzito. Chama cha filamu cha shule kilikuwa kimeazimwa kamera, na Mwalimu wa Kiswahili alitangaza kwamba Jumatatu angechagua muswada mmoja tu wa kutengenezewa filamu. Kinanda aliutaka ushindi huo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, ukiacha likizo. Alikwishaandika muswada wake, *Baiskeli*, na aliuona hauna mpinzani.

Kisha, siku ya Ijumaa, rafiki yake Sisimizi akamletea wa kwake.

Sisimizi alikuwa msichana mdogo, mkimya, mwenye bidii, na ndiyo maana wakampa jina hilo. Muswada wake uliitwa *Kengele*. Kengele ya mkononi ya shule inapotea, na mambo yote yanavurugika: hakuna anayejua lini aingie darasani wala lini ale. Mwalimu mkuu anawaka, anawasaka wezi kila bweni. Mwishowe mlinzi anaingia jikoni kwa mpishi na kumwambia, "Umesikia? Kengele ilikuwa mezani kwa mwalimu mkuu siku zote, chini ya kofia yake mwenyewe!"

Kinanda alicheka hadi akashika mbavu. Papo hapo akaliona kosa. Jambo tamu kuliko yote halikuonekana, lilisimuliwa tu. Ilikuwa kama kuwapikia wageni kuku, ukamlia jikoni, kisha ukatoka kuwaeleza alivyokuwa mtamu.

"Vipi?" Sisimizi aliuliza, akiuma kucha. "Mwisho wake si mbaya?"

Kinanda akafungua mdomo. Akaifikiria kamera. Akaifikiria Jumatatu.

"Mzuri sana, mwenzangu," akasema. "Usibadilishe hata nukta."

Jumamosi ilikuwa siku ya maji.

Siku hiyo waandishi wenzake Shangazi walikuja kusomeana kazi zao. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Pacha, aliyeandika pale tu watoto wake walipolala, na kwa kuwa hawakulala sana, filamu zake zilikuwa fupi. Wa pili alikuwa Fundi Saa, mtengenezaji wa saa, mpole asiyeua hata mbu, ila katika filamu zake hapakuwa na mtu aliyefika mwisho akiwa hai.

Kikundi chao kilikuwa na sheria moja. Yule ambaye kazi yake inasomwa hujaza maji mdomoni na haruhusiwi kuyameza mpaka wenzake wamalize kusoma na kutoa maoni. Zamani, kabla ya sheria hiyo, Fundi Saa aliwahi kulitetea onyesho moja hadi chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena.

Jumamosi iliyopita Kinanda alikuwa ametia chumvi katika glasi ya Fundi Saa. Mzee wa watu, mtii wa sheria, aliyavumilia maji yale hadi mwisho huku machozi yakimtiririka. Wenzake wakamsifu kwa kuguswa na hadithi yake mwenyewe.

"Leo nami nataka kusomwa," Kinanda alitangaza.

"Ala! Mwandishi mwenzetu!" Fundi Saa akasimama haraka. "Basi niruhusuni mimi nimletee maji. Ni heshima kwangu."

Akaenda jikoni, akakawia kidogo. Kinanda alipojaza mdomo, macho yalimtoka. Chumvi! Fundi Saa akamwinamia kwa adabu kubwa, kama mtu anayesalimia mkwewe.

Mama Pacha akaanza kusoma: "'Mvulana mwenye viatu vilivyojaa tope anaitazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Anaifuta tope kwa mkono wa shati lake. Anakumbuka yote. Analia. Mwisho.'"

Wakatazamana.

"Anakumbuka yote yapi?" Fundi Saa aliuliza.

"Labda pancha," alisema Mama Pacha.

"Mimi nilidhani ana njaa," alisema Shangazi.

Kinanda alivimba kama chura. Alijua yote! Baiskeli ilikuwa ya kaka wa yule mvulana, aliyekwenda kufanya kazi mbali kabla hajatimiza ahadi ya kumfundisha mdogo wake kuiendesha. Akatikisa kichwa, akapiga meza, kisha akakionyesha kichwa chake kwa kidole: yamo humu, humu!

"Aa, kumbe kichwa kinamuuma," alisema Shangazi. "Sasa nimeelewa."

Mama Pacha alicheka hadi miwani ikamdondoka. Walipomruhusu hatimaye kumeza, Kinanda alifoka, "Mmenionea! Ningewaeleza mngelia wote!"

"Bila shaka tungelia," Shangazi alisema. "Lakini filamu ikionyeshwa, utakaa pembeni ya kila mtazamaji umnong'oneze? Kamera haijawahi kuingia ndani ya fuvu la mtu, mwanangu. Mwonyeshe huyo kaka. Mwonyeshe akiondoka."

"Ila ile ya kuifuta baiskeli tope," alisema Fundi Saa, safari hii bila mzaha, "wakati viatu vyake mwenyewe vimejaa tope... Hiyo natamani ningeiandika mimi."

Kinanda akahisi chumvi yote imegeuka sukari.

Ikafuata zamu ya Mama Pacha. Kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kinatafuta mchezo mmoja wa familia, na wote watatu walikuwa wakiuwania. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyu bibi arusi asiipate barua mlangoni. Aipate mbele ya mama mkwe." Mama Pacha, mashavu yamejaa, akapiga makofi.

Baada ya wageni kuondoka, Kinanda alikuwa akikausha glasi. "Shangazi, ule ushauri wako ndio utakaomfanya Mama Pacha ashinde. Kwa nini umempa?"

"Nikimficha kosa lake, muswada wangu utakuwa mzuri zaidi?"

"Hapana. Ila wa kwake utakuwa mbaya zaidi."

"Eti! Kwa hiyo nimepanda juu, au nimemchimbia mwenzangu shimo tu?" Shangazi akacheka. "Na siku nikikwama mimi, nani atanisomea? Muuza maziwa?"

Kinanda aliisugua glasi iliyokwishakauka. "Na mtu akikusomea, halafu akakuambia usibadilishe hata nukta?"

"Huyo ama hajausoma, ama hanitakii mema."

Kinanda aliiinua glasi, akaitazama kwenye mwanga, na hakuirudisha kabatini.

Jumapili mchana alibisha hodi kwa kina Sisimizi, glasi mkononi. Sisimizi alikuwa mezani, akimalizia kunakili *Kengele* kwa mwandiko safi. Alikuwa amebakiza ukurasa mmoja.

"Nilikudanganya," Kinanda alisema kabla hajakaa. "Mwisho wake una kosa. Nililiona tangu Ijumaa."

Sisimizi akaweka kalamu chini polepole. "Uliliona?"

"Nililiona."

"Na ukaniambia nisibadilishe hata nukta."

"Nilitaka kushinda."

"Nimenakili tangu jana, Kinanda! Mkono umekufa ganzi! Nimemwambia hata mama yangu: Kinanda mwenyewe kasema ni mzuri, na shangazi yake ni mwandishi!" Sisimizi, ambaye kwa kawaida alinong'ona, sasa alisikika hadi uani. "Toka!"

Kinanda hakutoka. Akamimina maji katika glasi, akayajaza mdomoni mwake, akakaa sakafuni mbele ya rafiki yake. Sisimizi akamwambia yote aliyokuwa nayo, na yalikuwa mengi, mengine ya tangu darasa la pili. Kinanda akasikiliza, mashavu yamevimba, asijitetee hata mara moja.

Mwishowe Sisimizi akaishiwa pumzi. "Haya, meza. Unaonekana kama puto." Mdomo ukamcheza kidogo. "Kosa lenyewe ni lipi?"

Kinanda akamweleza ile habari ya kuku aliyeliwa jikoni. Sisimizi akakunja uso.

"Nilijua," alikiri. "Ila niliogopa. Mwalimu mkuu wetu naye ana kofia pana vilevile. Nilihofia akijiona, atanifukuza."

"Basi ndiyo maana inachekesha!"

Walifanya kazi hadi jua lilipopungua. Sisimizi ndiye aliyepata mwisho mpya, na ulipopatikana wakacheka wote wawili hadi mama akachungulia mlangoni. Kisha Sisimizi akasema, "Sasa lete hiyo *Baiskeli* yako," na kumjazia glasi.

Jumatatu, Mwalimu wa Kiswahili alisoma miswada yote, akachagua *Kengele*.

Tusidanganyane: moyo wa Kinanda ulishuka hadi kwenye soksi. Alikwenda chooni, akajifungia, akarusha mateke mawili matatu hewani. Kisha akanawa uso, akarudi, akampigia rafiki yake makofi kuliko darasa zima. Mwalimu naye akamwita pembeni. "*Baiskeli* imebaki kidogo tu. Muhula ujao niletee tena."

Siku ya maonyesho, ukumbi wa shule ulifurika. Mwalimu mkuu alikaa mbele kabisa na kofia yake pana. Nyuma yake walikaa Sisimizi na Kinanda, kila mmoja na maji mdomoni, kwa maana sheria ni sheria. Shangazi alikuwepo pamoja na Mama Pacha, ambaye wiki hiyo mchezo wake ulikuwa umechaguliwa na kile kituo cha televisheni. Shangazi alikuwa amemkumbatia, akala keki yake vipande vitatu vya kujiliwaza, na Jumamosi maji yakamiminwa kama kawaida.

Kwenye skrini, wanafunzi walikuwa mstarini. Mwalimu mkuu wa filamu, mvulana wa darasa la saba mwenye sharubu za makaa, alikuwa ameletewa meza yake uwanjani, kofia ikiwa juu ya meza hiyo. "Mwizi wa kengele ajitokeze!" alinguruma. "Hatuli leo mpaka ipatikane!" Akaichukua kofia kwa hasira, akaivaa, akageuka kuondoka. Kengele ikabaki mezani, inang'aa, kila mtu akiitazama isipokuwa yeye. Kisha kitoto cha darasa la kwanza kikatoka mstarini kwa adabu, kikaiinua, kikaipiga. Shule nzima ikatimua mbio kwenda kula.

Ukumbi ulilipuka. Sisimizi akamtazama Kinanda, Kinanda akamtazama Sisimizi, na hapo sheria ikavunjika: maji yote yaliyokuwa katika vinywa viwili yakaruka mbele na kutua kwenye shingo ya mwalimu mkuu.

Akageuka. Watoto wakaganda.

Mwalimu mkuu alivua kofia taratibu, akachungulia ndani yake, akasema kwa huzuni, "Leo haimo." Ukumbi ukalipuka upya.

Shangazi aliwafikia huku akijifuta machozi ya kucheka, akawashika mabega. "Mmeona? Sifa za uongo ni kumnyima mwenzako chakula huku ukimwambia ameshiba. Anayekwambia ukweli kwa upendo amekulisha, hata kama umetiwa chumvi kidogo. Na jasho la kusahihisha halipotei. Ndilo hili mnalolisikia likigeuka vicheko ukumbini."

Kinanda alikuwa akiitazama skrini, ambako majina yalikuwa yakipita. Jina la mwandishi lilipita, la mpiga picha likapita, la mwenye sharubu nalo likapita. Chini kabisa, kwa herufi ambazo Sisimizi alikuwa ameziandika mwenyewe bila kumwambia mtu, palisomeka:

*Maji yaliletwa na Kinanda.*